Trekta dogo la nyumbani: lipi linafaa eka chache za viunga vya Nairobi?

Mtu mwenye eka tano huko Kikuyu, Kiserian au Kamulu anapoanza kuwaza kununua trekta, jambo la kwanza linalomjia ni kulima, na hapo ndipo hesabu inapokwenda kombo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mwenye trekta la kukodi anatoza shilingi 4,000 kwa eka, na kwamba shamba lote linalimwa na kupigwa haro mara moja kabla ya masika na mara nyingine kabla ya vuli. Hizo ni eka 20 kwa mwaka, yaani shilingi 80,000. Ukinunua trekta la shilingi milioni moja na nusu kwa ajili ya kazi hiyo peke yake, itakuchukua karibu miaka 19 kurudisha fedha zako, na hapo hujanunua dizeli, hujabadilisha oili wala hujamlipa dereva.

Trekta la nyumbani hujilipa kwa kazi ndogondogo ambazo ni vigumu kumpata mtu wa kuja kuzifanya kwa kukodiwa: kukata nyasi kila baada ya wiki mbili msimu wa mvua, kusomba samadi na mchanga, kuvuta tangi la maji, kuzungusha mashine ya kukatakata matete ya ng'ombe, kusawazisha njia ya murram iliyolika. Mwenye trekta kubwa hatafunga safari kutoka Limuru kwa ajili ya toroli ishirini za samadi. Kwa sababu hiyo, katika ulinganisho huu nimeipa kazi ya kila wiki uzito mkubwa kuliko kulima, na msomaji asiye na kazi ya kila wiki namshauri tangu sasa aendelee kukodi.

Mimi nina eka tatu na robo upande wa Kikuyu, kwenye udongo mwekundu wenye mteremko, na shemeji yangu ana eka sita Kitengela, kwenye tambarare ya udongo mweusi. Kati yetu wawili tumemiliki aina tatu kati ya nne nitakazozilinganisha, na ya nne tumeikodi misimu mingi. Aina hizo ni pawatila, trekta dogo jipya la nguvu 20 hadi 28 za farasi, trekta dogo la mtumba kutoka Japani, na Massey Ferguson kongwe lililozoeleka nchini.

Hewa na udongo kwanza

Kabla ya mashine zenyewe, kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji mpaka waulizwe. Nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye karatasi ya trekta hupimwa katika hewa inayokaribia ile ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na Limuru imeupita urefu huo kwa mita mia kadhaa. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ndogo ya dizeli isiyo na tabochaja huivuta jinsi ilivyo, kwa hiyo hupoteza kati ya asilimia 10 na 18 ya nguvu zake. Trekta la nguvu 24 hugeuka kuwa la 20 au 21 tangu linaposhushwa kwenye lori. Hiyo haihesabiwi kuwa kasoro ya mashine, lakini ni sababu ya kutosha ya kutochagua kifaa cha nyuma kilicho mwisho kabisa wa uwezo wake: ukiambiwa kwamba rotaveta fulani (kifaa cha visu vinavyozunguka kupondaponda udongo) inahitaji angalau nguvu 24, wewe wa Limuru chukua iliyo ndogo kwa hatua moja. Asiyefanya hivyo huona moshi mweusi ukipanda kila anapoingia kwenye kipande kigumu, kisha humlaumu fundi wa nozeli.

Udongo ni suala pana zaidi. Udongo mwekundu wa Kikuyu, Karen na Limuru ni wa volkano. Una kina, hupitisha maji, na siku chache baada ya mvua kubwa mtu anaweza kuingia shambani bila kuacha mitaro. Udongo mweusi wa Kitengela, Isinya na Athi River una tabia mbili zinazopingana. Ukikauka, hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huingia, na plau hurukaruka juu yake kana kwamba inapita kwenye mawe. Ukilowa, hujaa kwenye tairi mpaka meno ya tairi hayaonekani, na trekta huteleza palepale liliposimama. Siku za kufanya kazi vizuri kati ya hali hizo mbili ni chache, na kinachoamua hapo ni uzito na mshiko wa tairi, kwa sababu kuvuta plau ni kazi ya uzito kabla ya kuwa kazi ya injini. Trekta la kilo 700 haliwezi kuvuta kinachovutwa na la kilo 1,400, hata injini yake ingetaka namna gani. Magurudumu yatazunguka bure. Kujaza maji robo tatu ya tairi za nyuma ni jambo la kawaida na lenye faida, lakini halilifanyi dogo kuwa kubwa.

Pawatila

Pawatila ni mashine ya magurudumu mawili ambayo mtu huiongoza akitembea nyuma yake. Ndiyo iliyo rahisi kuinunua, na ndiyo inayowachosha watu upesi. Kwa upana wa kulima wa sentimita 60, mtu anayelima eka moja hutembea karibu kilomita 7 akiwa ameshikilia mikono ya mashine inayotetemeka, na kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa, kona za shamba zikihesabiwa, kazi hiyo humchukua saa nne na nusu hivi. Kijana ataimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mstaafu aliyeinunua ili apunguze gharama za vibarua ataishia kumwajiri kijana huyo. Hatari yake kubwa iko kwenye gia ya kurudi nyuma, kwa kuwa anayeiendesha husimama kati ya mashine na ukuta, mti au ua la kayaba lenye miiba.

Kwa nusu eka ya mboga, pawatila inatosha na hakuna haja ya kutafuta kingine. Kwa ploti ya hamsini kwa mia, ambayo ni kama thumuni ya eka, hata hiyo ni anasa. Kwa anayetaka kukata nyasi na kubeba mizigo kwenye mteremko, naiondoa kabisa.

Trekta dogo jipya

Kwa wengi wenye eka mbili hadi sita, hili ndilo ninalolipa nafasi ya kwanza, ingawa bei yake ndiyo inayotisha kuliko zote.

Nichukue mifano miwili inayojulikana. Kubota B2441 na Mahindra JIVO 245 DI yote ni matrekta ya nguvu 24, yote huvuta kwa magurudumu manne, na karatasi za watengenezaji wote wawili zinasema kwamba mikono ya nyuma ya kufungia vifaa hunyanyua kilo 750. Mtu akisoma namba hizo atadhani ni mashine moja iliyopakwa rangi mbili. Tofauti iko ndani. La Kubota lina silinda tatu ndogo na hufikia nguvu yake injini ikizunguka mara 2,600 kwa dakika. La Mahindra lina silinda mbili kubwa na huifikia kwenye mizunguko 2,300. Ukikaa juu ya trekta la silinda tatu kwa saa tatu ukikata nyasi, mikono haifi ganzi. La silinda mbili hutikisika likiwa limesimama, usukani ukicheza chini ya vidole, lakini likifungiwa trela ya samadi na kuelekezwa mlimani hupunguza mizunguko bila kuzimika, na siku ya matengenezo lina nozeli mbili badala ya tatu. Kwa uwanja wenye nyasi nyingi ningeelekea kwenye silinda tatu. Kwa boma la mifugo lenye trela kila siku, silinda mbili.

Kwa kasi ya kazi, matrekta ya ukubwa huu hayapishani sana. Rotaveta ya upana wa mita 1.2, kwa mwendo wa kilomita 2.5 kwa saa, humaliza eka moja kwa muda usiofika saa mbili, kona zikihesabiwa; slasha, yaani kifaa cha kukatia nyasi, ya upana huohuo, ikienda kilomita 4 kwa saa, huhitaji saa moja na dakika chache. Dizeli ni kati ya lita 2 na 4 kwa saa kutegemea uzito wa kazi, na kwa kuwa EPRA hutangaza bei za mafuta kila mwezi, kila mtu anaweza kujipigia hesabu yake. Upana wa mashine yenyewe ni mita moja na kidogo, hivyo hupita katikati ya miparachichi, huingia kwenye lango la kawaida la gari, na hugeuka kwenye ua wa nyuma ambapo Massey lingelazimika kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu.

Waranti isomwe kabla ya kulipa. Idadi ya miaka iliyoandikwa ina faida ndogo kuliko maswali mawili ambayo wanunuzi wengi huyasahau: fundi akija Kiserian, nani hulipia safari yake, na je, oili na vichujio vikinunuliwa kwingine, waranti inakufa? Huduma ya kwanza kwa kawaida hufanywa baada ya saa 50 za kazi. Mwenye eka tatu anaweza kuchukua nusu mwaka kuzifikisha saa hizo, kwa hiyo asisubiri mita ya saa za kazi. Oili ya kwanza hubeba vumbi la chuma kutoka kwa gia mpya zinazozoeana, na haifai kukaa humo.

Kuhusu namna ya kuendesha, mengi ni ya klachi na mkono wa gia. Yapo yenye mfumo wa haidrostati, ambao dereva hukanyaga pedali tu na trekta likaenda mbele au nyuma bila kubadilisha gia. Ni raha kwa kukata nyasi kuzunguka miti, lakini hula sehemu ya nguvu ambayo hewa ya Nairobi imekwisha kuimega.

Mtumba kutoka Japani

Mtumba huvutia kwa sababu mbili za kweli. Bei yake ni ya chini, na chuma chake hakina mzaha: matrekta madogo ya Kubota, Yanmar na Iseki yaliundwa kwa ajili ya mashamba madogo ya mpunga, mengi huja na rotaveta yake nyuma, na likiwa limetunzwa huwaka kwa nusu mzunguko hata asubuhi ya baridi ya Julai. Sitaki kumvunja moyo mtu mwenye fedha za mtumba tu. Nataka ajue ananunua nini.

Shemeji alilinunua la namna hiyo kwenye yadi moja, la nguvu 18, rangi ikiwa imepakwa upya na mita ikisoma saa 612. Vibandiko vyote vya maonyo vilikuwa vya Kijapani. Karibu na kiti kulikuwa na mkono mdogo wenye namba 1, 2 na 3, na hakuna aliyejua kazi yake. Wiki ya pili alifunga slasha, mkono ukiwa kwenye 3, na injini ilipopandishwa mizunguko slasha ilianza kutoa sauti nyembamba ya filimbi iliyotufanya sote turudi nyuma bila kuambiana. Mkono ule ulikuwa wa kasi ya pitio, yaani mhimili wa nyuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa. Slasha za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Matrekta mengi ya Japani yana kasi mbili, tatu au zaidi za pitio, na ile ya juu hupita 540 kwa mbali. Kisu kikikatika kwa kasi hiyo hakichagui pa kwenda.

Hilo tulilimaliza kwa rangi nyekundu na waya wa kuufunga mkono kwenye namba 1. La pili lilichukua muda. Fundi alipofungua bolti ya chini ya ekseli ya mbele, tulitarajia oili ya kahawia, kikatoka kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Alikichovya kidole, akakisugua kwa gumba, akanigeukia.

"Mzee, hapa shemeji yako aliuziwa maji ya mpunga."

Trekta lililofanya kazi kwenye majaruba kwa miaka huweza kuingiza maji kupitia sili za ekseli zilizochoka, na maji yakikaa humo hula beringi na meno ya gia polepole, bila kelele. Sili zenyewe ni vipande vya mpira vya bei ndogo. Kuzipata za modeli ile kulichukua wiki saba, na trekta lilikaa juu ya mawe kipindi chote cha vuli huku nyasi zikimfikia ng'ombe tumboni.

Kisa hicho kina mzizi unaojulikana. Watengenezaji wa Japani wana modeli za soko la nyumbani na modeli za kuuza nje, na zile za nyumbani mara nyingi hazimo kwenye vitabu vya spea vya mawakala wa nchi nyingine. Huko Marekani jambo hili lilifika mahakamani: mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika shauri lililotokana na malalamiko ya Kubota dhidi ya waagizaji wa mitumba, ilikubali kwamba matrekta ya soko la Japani yalikuwa na tofauti za msingi na yale yaliyokusudiwa Marekani, zikiwemo lugha ya vibandiko vya maonyo na upatikanaji wa spea na huduma. Injini kwa kawaida haisumbui sana, kwa kuwa injini ndogo za Kubota na Yanmar zimo pia kwenye jenereta na mashine ndogo za kuchimbia, na vitu kama vichujio na gasketi huweza kupatikana kwa njia hiyo. Kinachosumbua ni mwili: ekseli ya mbele, sanduku la gia, haidroliki.

Mengi ya zamani pia hayana ile fremu ya chuma inayomkinga dereva trekta linapopinduka, wala mkanda. Kwenye tambarare ya Kitengela mtu anaweza kujadiliana na nafsi yake. Kwenye miteremko ya Kikuyu au Ngong mimi sijadiliani, na fremu iliyochomelewa kwa kukisia siihesabu, kwa sababu hakuna aliyeipima kwa uzito wa trekta lenyewe.

Ningenunua mtumba kwa sharti moja kati ya mawili: muuzaji awe na trekta la pili la modeli ileile, lililokufa, la kukatwa spea, au anionyeshe kwa macho yangu sili na beringi za ekseli hiyo dukani kabla sijalipa. Ahadi ya kwamba "spea zipo" niliisikia pia kwenye yadi ya kwanza.

Massey kongwe

Upande mwingine kabisa kuna Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, na nguvu zipatazo 45. Mtangulizi wake, Ferguson TE20 la mwaka 1946, ndilo lililoieneza duniani mikono mitatu ya kufungia vifaa ambayo Harry Ferguson aliibuni, na ambayo hata matrekta madogo ya leo yanaitumia. Kwa hiyo anayenunua trekta jipya kabisa bado ananunua wazo lilelile la mzee huyo.

Sifa kubwa ya Massey ni kwamba linajulikana. Ukihitaji spea unakwenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, asubuhi, na mara nyingi unarudi nayo kabla ya chakula cha mchana. Fundi wa kuifunga hatafutwi mbali. Lina uzito wa kuvuta plau ya diski kwenye udongo mweusi, na lina nguvu za akiba hata hewa ya Nairobi ikishachukua fungu lake.

Kwa kazi ya kila wiki, hata hivyo, ni kama kutumia sufuria ya arusi kuchemsha yai. Ni pana, huvuta kwa magurudumu mawili tu, usukani wake huwa mzito, hunywa dizeli zaidi kwa kazi ileile ndogo, na likipita kwenye uwanja wenye unyevu huacha alama zitakazoonekana mpaka Krismasi. Lina pia tatizo la makaratasi. Massey nyingi zimepita mikononi mwa watu watatu au wanne, na si ajabu kukuta logibuku bado iko kwa jina la babu aliyefariki zamani, jambo linalomaanisha kwamba anayekuuzia hana uwezo wa kisheria wa kukuhamishia mpaka familia imalize mirathi. Ukiona hivyo, usilipe hata arubuni.

Vifaa vya nyuma

Omba bei ya trekta pamoja na vifaa vyake, kwa sababu trekta lisilo na kitu nyuma ni kiti cha gharama kubwa. Pini za mikono ya chini ziwe za milimita 22 na ya juu milimita 19. Matrekta madogo kabisa huwa na pini za milimita 16, na mwenye nayo atahangaika kila anapotaka kifaa, kipya au cha kuazima kwa jirani. Trela inaweza kuchomelewa na mafundi wa Kariobangi Light Industries kwa bei nafuu kuliko ya dukani. Rotaveta na slasha zinunuliwe za kiwandani. Anayefikiria loda ya mbele ainunue siku moja na trekta, na akumbuke kwamba trekta la kilo 700 lenye loda iliyojaa kokoto linahitaji uzito wa kulisawazisha nyuma, la sivyo tairi za nyuma huinuka kwenye mteremko wa kwanza.

Pitio inayozunguka mara 540 kwa dakika huzunguka mara 9 kila sekunde. Ncha ya leso au koti la mvua lililoachwa wazi likishikwa, mtu hana nafasi ya kufikiri. Kava ya plastiki ya shafti ndicho kitu cha kwanza kuvunjika na cha mwisho kununuliwa katika mashamba mengi niliyoyatembelea, na mimi huikagua kabla ya kukagua rangi.

Kuna adui mwingine wa rotaveta ambaye wageni wa viunga hivi hawamjui: nyasi za kikuyu. Mashina yake hutambaa chini kama kamba za katani, na ukiingiza rotaveta moja kwa moja kwenye uwanja uliojaa nyasi hizo, mhimili hujiviringishia zulia zima hadi visu visionekane. Nimewahi kulala chali chini ya rotaveta dakika arobaini nikikata nyuzi hizo kwa kisu cha jikoni, injini ikiwa imezimwa na ufunguo mfukoni. Kata kwanza kwa slasha chini kabisa, ondoa majani, geuza udongo kwa plau, acha jua lifanye kazi yake kwa siku kumi hivi, ndipo urudi na rotaveta. Plau hiyo ya kwanza ndiyo ninayoikodi, na sioni aibu.

Nani achukue lipi

Kwa eka mbili hadi sita za udongo mwekundu zenye nyasi, miti na ng'ombe wachache, ningenunua trekta jipya la nguvu 24, la magurudumu manne kuvuta, pamoja na slasha na trela, na rotaveta ingefuata mwaka wa pili. Kwa ukubwa huohuo kwenye udongo mweusi, ningenunua lilelile na kukodi Massey au kubwa zaidi kwa plau ya kwanza ya kila msimu. Shemeji alifikia uamuzi huohuo baada ya kuuza mtumba wake kwa fundi, ambaye alikuwa na la pili la kulikata spea. Massey la kumiliki lina maana kwa mtu wa eka kumi na kuendelea ambaye pia atalima kwa majirani kwa malipo. Chini ya eka mbili, isipokuwa una mifugo mingi, pawatila na simu ya mwenye trekta vinatosha.

Kabla ya kutoa fedha

Trekta husajiliwa na NTSA, namba zake zikianza na herufi KT, na anayeliendesha anapaswa kuwa na leseni ya daraja la G. Likiingia barabara ya umma, hata kwa kwenda kununua dizeli, linahitaji bima ya kufidia watu wengine inayotakiwa na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Kodi za mashine za kilimo huguswa mara kwa mara na Sheria ya Fedha, kwa hiyo bei uandikiwe ikiwa na kodi zote ndani. Nenda mwezi wa Juni au Julai ukiweza. Februari na Septemba kila mtu anakimbizana na mvua, na hakuna muuzaji atakayekupa nusu siku ya majaribio.

Ukifika, gusa bomba la moshi kabla injini haijawashwa. Likiwa na joto, injini imepashwa kwa ajili yako, na unachotaka kukiona ni jinsi inavyowaka ikiwa baridi. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Kwa la mtumba, omba bolti ya chini ya ekseli ya mbele ilegezwe mbele yako, anayekataa amekujibu. Kisha ning'iniza magunia mawili ya saruji ya kilo 50 kwenye mikono ya nyuma, inua mpaka juu, zima injini, weka alama ya chaki, na uende ukanywe chai. Ukirudi ukute mikono imeshuka kwa upana wa vidole viwili, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta magunia yamelala chini, sili za haidroliki au vali zake zimechoka, na kazi hiyo ikatwe kwenye bei kabla hujaingia benki.